Kijiwe cha Sikio la Chewa

Wiki iliyopita daktari wa meno alinichonga jino la nyuma, na harufu iliyotoka kinywani mwangu mwenyewe ikanirudisha jikoni kwetu Ghulail, mtaa wa Jidda. Ni harufu ya mfupa unaoungua, kavu, yenye ukali wa nywele zilizopitiwa na moto. Daktari aliyaona machozi, akadhani ananiumiza, akasimamisha mashine. Nikamwashiria aendelee. Ningewezaje kumweleza, mdomo umejaa pamba, kwamba ile ndiyo iliyokuwa harufu ya kazi ya marehemu baba yangu?

Baba alikuwa akihesabu umri wa samaki. Wenzangu wa skuli, ambao baba zao walikuwa madereva, wapishi na makuli wa bandarini, hawakuniamini nilipowaambia. Lakini ndiyo kazi iliyotulisha. Ndani ya kichwa cha kila samaki, nyuma ya ubongo, mna vijiwe viwili vyeupe, kimoja kila upande. Ndivyo masikio yake. Samaki anavyokua na kijiwe hukua, na kila mwaka huacha alama ya mduara mmoja. Baba alikuwa akikivunja kijiwe katikati, akauchoma ule upande uliovunjika kwenye moto wa mshumaa mpaka ukageuka rangi ya chai, akaudondoshea tone la mafuta ya kupikia, kisha akauweka chini ya lenzi. Hapo miduara ilijitokeza, mmoja ndani ya mwengine. Aliihesabu kwa ncha ya sindano ya Mama ya kushonea, midomo ikimcheza kama mtu anayevuta uradi. Mara nyengine aliniachia na mimi nihesabu, halafu tukalinganisha.

Wazee wangu walitoka Unguja baada ya mapinduzi. Mimi nilizaliwa pale pale Jidda, katika miaka ile ambayo fedha ya mafuta ilikuwa imeingia na mji mzima ukageuka kiwanja cha ujenzi. Mama hakuanua nguo juu ya paa bila ya kuzikung'uta vumbi la saruji. Watu waliotajirika walitaka kila kitu kikubwa: magari makubwa, nyumba kubwa, na samaki wakubwa. Kafili wetu, yaani mwajiri aliyetudhamini tupate ikama, kibali cha kuishi nchini, alikuwa na mashua za uvuvi na ghala la barafu. Alikuwa pia na nyumba ya pwani huko Abhur, kaskazini ya mji, alikowapeleka wageni wake kuvua chewa kwa mishipi minene kama kamba ya kuanikia. Aliyepata mkubwa alipigwa picha naye, samaki kaning'inizwa kichwa chini, mgeni kasimama ubavuni akicheka.

Kafili alitaka kibali cha kuongeza mashua. Ofisi inayohusika ikamjibu alete kwanza karatasi ya wataalamu ieleze chewa wakubwa wanakua kwa kasi gani, na kila mwaka wanaweza kuvuliwa wangapi bila ya kumalizika. Ndipo alipomwajiri Bwana Ouma, Mkenya wa upande wa Kisumu, kwa mkataba wa miaka miwili, na Baba akawa msaidizi wake wa kupima na kusoma vijiwe.

Bwana Ouma alikuwa mrefu, mpole, na mchambuzi hodari wa kichwa cha samaki kuliko Mzanzibari yeyote niliyemjua. Akimaliza kula, mifupa ilibaki sahanini kama imeoshwa. Kila wiki alikuja kula kwetu. Mama alimcheka Kiswahili chake na yeye alimcheka Mama chake. Alisema kwao, ziwani, alikuwa ameona samaki wanavyokwisha: wanaanza kuondoka wakubwa, watu wanasema si kitu, wadogo wapo, na wadogo nao wanaondoka kabla hawajazaa. Baba alinifafanulia mimi kwa lugha yangu. Chewa hakimbilii kukua, alisema. Ukichukua kitu kilichoota mwaka huu, bahari haitajua kama umechukua. Ukichukua kilichoota kabla hujazaliwa, utangoja mpaka ufe na hutakiona chengine.

Nilikuwa na miaka saba na nusu na nilikuwa mdogo wa kimo kuliko wote darasani. Siku moja, nimepita mbele ya Baba na mgeni wake nikiwa na sinia la tende, Bwana Ouma alinitazama juu mpaka chini akamwambia Baba, "Bwana Hamadi, huyu msichana bado hajafikisha kipimo. Huyu anafaa kurudishwa."

Baba akacheka. Hata Mama alicheka. Mimi nilikwenda jikoni nikasimama nyuma ya mlango.

Kwani neno hilo nilikuwa nikilijua. Samaki asiyefikia kipimo hurudishwa baharini. Hilo nililisikia kila siku. Lakini kurudishwa nililijua pia kwa njia nyengine. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama mmoja wa Kitanga aliyekuwa akinisuka nywele, alirudishwa. Ikama yake ilikwisha, kafili wake akakataa kuandika mpya, na asubuhi moja chumba chake kilikuwa wazi na birika lake limebaki kwenye jiko. Kwa hiyo nikaelewa, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba kuna urefu fulani ambao mtu akiwa chini yake serikali humpandisha ndege. Kwamba Bwana Ouma, mtaalamu aliyeletwa makusudi kupima, alikuwa amenipima kwa macho na kuniona nimepungua.

Nikaanza kula. Nilikula mpaka Mama akadhani nina minyoo. Nikaanza kujining'iniza kwenye chuma cha dirisha nirefuke. Na hapo nikaingia katika mashaka mapya, kwani mchana mmoja nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba chewa wote huzaliwa majike. Wanakua, wanazaa, na wale wachache wanaofika umri mkubwa hugeuka wakawa madume. Ndiyo sababu ni hatari kuwaondoa wakubwa tu, alisema. Wanabaki majike watupu, na mayai yanakosa wa kuyarutubisha.

Mama alisema, "Subhanallah." Mimi nikapiga hesabu. Nisipokua, nitarudishwa. Nikikua sana, nitakuwa mwanamume. Nilipita siku kadhaa nikijitazama kidevu kwenye kioo cha kabati na nisijue niombe nini katika dua zangu.

Bwana Ouma alikuwa amekwenda kwao likizo ya mwezi mmoja pale alipovuliwa chewa mkubwa. Alivuliwa na mgeni wa heshima wa kafili, na nyumbani kwetu kilifika kichwa chake peke yake, ndani ya karai la kufulia, kimefunikwa gunia lililoloweshwa maji. Jino lake moja lilikuwa kubwa kama ukucha wangu. Majirani walikuja kutazama. Baba alitoa vijiwe vyote viwili, akavisafisha, kisha kichwa kikachemshwa supu ya ndimu na pilipili, na ghorofa nzima ikala siku ile.

Alasiri Baba akakaa na mshumaa wake. Alivunja kijiwe cha kwanza, akachoma, akahesabu. Akahesabu tena. Akaniita.

"Hebu hesabu wewe."

Nilihesabu kwa sindano, nikipotea na kuanza upya, mpaka nikafika thelathini na tisa. Baba akaitikia kwa kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na sita. Akasema kwa sauti ya chini kwamba tumemla mkubwa wetu. Kijiwe cha pili, kizima, alikitia katika bahasha ndogo ya karatasi, akaandika namba juu yake, na bahasha akaiweka pamoja na nyengine ndani ya kopo la biskuti. Siku zote alifanya hivyo: kimoja kuchomwa, cha pili kuwekwa, ili Bwana Ouma akitaka kuhakikisha apate cha kuhakikishia.

Siku tatu nne baadaye kafili alimwita Baba ofisini. Sikujua aliambiwa nini, ila aliporudi hakula. Wakati wa usingizi wa mchana, watu wote wamelala kwa joto na mashine ya upepo inanguruma dirishani, nilikuwa nimelala chini kwenye mkeka katika chumba cha kwanza, na wao wakadhani nimepitiwa na usingizi. Nilisikia vipande vipande. Nilisikia ikama. Nilisikia mwisho wa mwezi. Baba alisema kafili anataka iandikwe kumi. Kisha sauti ya Mama ikaja, wazi kabisa, ya mtu aliyelia akamaliza.

"Andika kumi, bwana. Ukiandika hiyo yako, tutarudishwa. Turudi wapi? Nani ametubakia kule?"

 Mashine iliendelea kunguruma.

Leo kila mtu anaweza kuona walikuwa wakizungumza nini: chewa mkubwa wa miaka kumi tu ni samaki anayekua upesi, na kibali cha mashua kinapatikana. Mimi nilielewa kwamba wanazungumza juu yangu. Umri wangu ulikuwa ukiandikwa katika karatasi za ikama, na kafili, nikadhani, ameona nilivyo mdogo na ametaka niandikwe miaka kumi ili nisirudishwe. Lakini mtu yeyote atakayekuja kunitazama atajua ni uwongo. Mtoto wa miaka kumi hana kimo changu. Baba, ambaye hakuwahi kusema uwongo hata kwa mzaha, alikuwa akiteseka kwa sababu mimi nimekataa kukua.

Jambo nililolifanya nililifanya mchana ule ule. Nilifungua kopo la biskuti nikaitafuta bahasha ya chewa mkubwa. Kijiwe kilikuwa chepesi, chembamba, kimechongoka upande mmoja kama mbegu ya boga. Miaka yote thelathini na tisa ilikuwa humo ndani. Nilijua ni mingi kwangu, na nilijua aliyekuwa nacho alikuwa dume. Niliogopa kwa hilo kuliko yote. Lakini nilifikiri labda mwilini mwa mtoto itaingia kidogo tu, ile miwili na nusu niliyopungukiwa, na iliyobaki itapita. Nikachota maji ya Zamzam kwenye dumu la Mama, nikasema bismillahi, nikakimeza. Kilinikwaruza koo. Bahasha nikairudisha mahali pake, tupu.

Sikukua. Nilingoja wiki nzima, asubuhi nikipima mkono wangu kwenye kizingiti cha dirisha, na sikuongezeka hata unene wa ukucha. Ndevu pia hazikuota.

Bwana Ouma akarudi, na majani ya chai ya kwao kwa Mama na penseli za rangi kwangu. Walikaa na Baba baada ya chakula cha mchana na daftari la vipimo katikati yao, na mimi nikaambiwa niondoe vyombo. Niliona Bwana Ouma akipitisha kidole ukurasani, akashuka, akasimama. Akarudia pale pale. Akauliza, kwa upole wake ule ule, kuhusu yule chewa mkubwa, kama Baba ana hakika. Kisha akasema, "Leta lile jiwe la pili tulisome pamoja, halafu nitie sahihi."

Baba alinyanyuka. Naikumbuka fulana yake ilivyokuwa imemganda mgongoni. Alichukua kopo, akaipata bahasha, akaifungua juu ya kiganja. Haikutoka kitu. Akaigeuza, akaigongagonga kwa kidole, akaipasua ubavu na kuchungulia ndani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani tatu mikononi. Na nikamsikia Baba akisema, taratibu, kama anayeshusha pumzi, "Alhamdulillahi."

Nilishangaa. Lakini Mama alikuwa ametufundisha kwamba muumini hushukuru hata katika msiba, kwa hiyo nikaona ni subira ya Baba hiyo, na aibu ikanila zaidi.

Bwana Ouma alimtazama kwa muda mrefu. Alisema samaki wa ukubwa ule, bila ya jiwe la pili, hawezi kumtia katika karatasi yake. Akachukua kalamu, akampiga mstari. Kisha, kwa wale waliobaki, aliandika alichokiona: kwamba chewa wakubwa waachwe, kwamba mwezi wanaokusanyika kutaga wasivuliwe kabisa, na kwamba mashua zisiongezwe. Kafili alipoisoma alisema halas, yaani basi, imekwisha. Mkataba wa Bwana Ouma ulivunjwa. Alikuja kutuaga kwa miguu, akiwa na begi moja. Aliniwekea mkono kichwani akasema safari nyengine atanikuta nimefikisha kipimo, na mimi nikalia mpaka akataharuki.

Baba, kwa kuwa hakuwa mwenye kutia sahihi, hakurudishwa. Alihamishiwa Riyadh. Kafili alikuwa na ghala la samaki wa barafu kule Sulay, kwenye eneo la maghala, na alihitaji mtu wa kuliangalia. Mama alishukuru. Tulisafiri ndani ya gari la mizigo la kampuni, sisi watatu mbele na dereva, siku nzima, na dirishani hapakuwa na kitu ila mchanga na nguzo za umeme. Nilimwuliza Mama kama ndiyo tunarudishwa. Akasema hapana, tunahamishwa. Sikuiona tofauti. Samaki asiyefikia kipimo hurudishwa majini, na sisi tulikuwa tukipelekwa kusiko na maji hata ya kunawia, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi.

Niliishi na hilo miaka mingi. Nilikua, bila shaka. Nikapata kimo cha kawaida, nikaelewa ikama ni nini, nikaelewa ile kumi ilikuwa ya nani. Lakini kuelewa hakukuniondolea kitu, kulinibadilishia hatia tu. Sasa nilijua kwamba nilimeza ushahidi wa Baba. Ningekiacha kijiwe pale, nikawaza, Bwana Ouma angekisoma, ukweli wa Baba ungesimama mbele ya kafili, na mambo yangekwenda vyengine. Vyengine vipi, sikujua. Pengine vibaya zaidi. Nikilifikiria nilichanganyikiwa, nikaacha, halafu likanirudia.

Kule Sulay Baba hakupima tena samaki. Kazi yake ilikuwa kusoma kipimo cha baridi mlangoni na kupokea makasha. Chewa wa Jidda waliendelea kuja, na nyumbani alitwambia, bila ya kuulizwa, jinsi walivyokuja. Mwanzo samaki mmoja alijaza kasha na mkia ukakunjwa. Baada ya miaka wakawa wawili. Nilipokuwa sekondari alisema sasa wanaingia sita, na mayai hawana. Nilipoolewa, kasha la chewa lilikuwa halijaja kutoka Jidda kwa mwaka mzima. Waliletwa samaki wa bahari nyengine, hata majina yao hakuyajua.

Nilimwambia Ijumaa moja, nimekwenda kuwatazama nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa ameshaacha kazi. Baridi ya ghala ilikuwa imemharibu vidole, havikunjuki vizuri, na kila baada ya sala Mama alikuwa akimpaka mafuta ya habasoda ya moto. Siku ile nilichukua kibakuli mimi. Nilimpaka mkono wa kulia, kidole kwa kidole, na bila ya kumtazama usoni nikamweleza yote: mkeka, mashine ya upepo, kumi, maji ya Zamzam. Nikamwomba radhi.

 Baba akauliza kama kijiwe kiliniumiza. Nikamwambia kilinikwaruza koo tu.

"Mimi nilikuwa nimeshaandika kumi," akasema.

Nilisita na mafuta yangu.

"Siku ile ile mama yako aliponiambia. Niliandika. Kile cha kwanza nilichokichoma nilikiponda kwa kisigino nikakitupa. Cha pili nikakitoa nikiponde, mkono ukakataa. Nikakirudisha." Alipumua. "Ouma alipokitaka nilijua nimekwisha. Yule mtu alikuwa akila sahani moja na mimi. Angekivunja, angehesabu mbele yangu."

Chumba cha pili Mama alikuwa akikunja nguo na kuzungumza na redio.  Yule baba mkweli niliyedhani nimemtia hasara hakuwapo. Alikuwapo huyu, aliyekaa kwenye mto na kanzu ya Ijumaa, akiutazama mkono wake uliong'ara mafuta.

"Nilipoiona bahasha tupu nikasema Mungu amenisitiri. Miaka yote hii nimekuwa nikimshukuru kwa hilo. Kumbe alimtumia mtoto."

Akanyoosha mkono wa kushoto, niendelee.